Mkanda wa Pajani

Paja langu la kushoto liliponyauka, wa kwanza kulisema waziwazi alikuwa fundi wa nguo. Nilikuwa nimesimama mbele ya kioo chake mjini, nikipimwa suti ya harusi ya binti yangu. Alipima paja la kulia, akapima la kushoto, akalirudia la kushoto, kisha akatundika futi yake shingoni na kunitazama kama mtu anayetafuta maneno ya kusema msibani.

"Mzee," akaniuliza, "hii suruali nishone miguu mbili saizi tofauti?"

Nilimwambia ashone miguu yote sawa, huo mmoja utajijaza wenyewe. Nilimjibu kwa ukali, maana hasira zangu hukaa karibu na mdomo siku zote. Lakini nilipofika nyumbani Kileleshwa nilijifungia bafuni, nikavua suruali na kujitazama. Fundi hakuwa amekosea. Paja la kulia lilikuwa la mwanamume mwenye duka na tumbo lake. La kushoto lilikuwa la mvulana wa shule ambaye chakula cha mchana humpita.

Mimi ni Kalasinga wa Nairobi, mtu wa spea. Mimi na kaka yangu mkubwa tuna duka la vipuri vya magari Kirinyaga Road, tuliloachiwa na baba, na nimekuwa nikipanda ngazi ya kufikia rafu zake tangu nivae kaptula. Mwaka uliopita ngazi ilinichoka. Nilianguka nikiwa nimekumbatia sanduku la beringi, goti likapinda upande ambao goti halipindi, na daktari akalazimika kulifungua na kushona kilichokatika ndani. Operesheni ilifaulu na goti likapona. Ila katika wiki zile za kutembelea magongo msuli wa paja ulikuwa umeondoka kimyakimya, kama mpangaji anayehama bila kumuaga mwenye nyumba.

Mtu anaweza kuuliza, mzee wa umri wangu anataka paja la nini. Nitaeleza. Katika gurdwara, nyumba yetu ya ibada, kila mtu huketi chini kwenye zulia, awe mwenye ghorofa au mwenye kibanda. Kinachokaa juu ni Kitabu peke yake. Wagonjwa na wakongwe wamewekewa viti nyuma kabisa, kando ya ukuta, na hakuna anayewasema vibaya. Lakini sisi wenye kiburi tunavijua viti hivyo na tunavipita kwa mbali. Siku ya harusi baba ya bibi harusi huketi mbele, chini, karibu na mtoto wake. Wakati ukifika huinuka mbele ya watu wote, hushika ncha ya skafu ndefu iliyo begani mwa bwana harusi, na kuiweka mkononi mwa binti yake. Kisha binti huishika ile skafu na kumfuata mumewe kukizunguka Kitabu mara nne, na hapo ameolewa. Baba hana kazi nyingine siku hiyo. Kazi yake ni kuinuka na kutoa ncha ya kitambaa.

Na mimi kuinuka nilikuwa siwezi. Kuketi niliweza, kwa kuporomoka. Kurudi juu ilibidi nigeukie tumbo, nitambae hadi kwenye sofa na kujivuta huku nikitukana. Nina mtoto mmoja tu. Sikuwa na harusi nyingine ya kufanyia mazoezi.

Mke wangu ni mtu wa busara, na busara yake huniudhi kwa sababu huja mapema. Nyumbani huzungumza Kipunjabi, na alichoniambia jioni ile, tukinywa chai, kwa Kiswahili, ukiacha lile ji la heshima, ni hiki: "Sikiliza, ji. Weka kiti pembeni. Uinuke kutoka kwenye kiti, utoe skafu, urudi kwenye kiti. Mungu haangalii magoti."

"Mungu haangalii," nilimjibu, "lakini ndugu zako wote watakuwa wanaangalia."

Alicheka, akaniongezea chai. Binti yangu, aliyekuwa akitusikiliza kutoka jikoni, hakucheka. Yeye anafanya kazi katika benki moja Upper Hill, na kesho yake alinipakia kwenye gari lake pamoja na gongo langu moja lililobaki, akanishusha mbele ya jengo refu la vioo karibu na ofisi yake. Alikuwa ameshanipatia miadi na fizio, mtaalamu wa mazoezi ya viungo.

Fizio mwenyewe alikuwa msichana mwembamba wa rika la binti yangu, mwenye viatu vya michezo na sauti ya mwalimu wa darasa la kwanza. Nilimwita daktari. Akaniambia yeye si daktari. Nikaendelea kumwita daktari, maana kwetu mtu akivaa fulana yenye nembo ya hospitali anapata cheo chake pale pale.

"Sawa, Mzee," akasema, "keti hapa kwa mkeka. Haya. Sasa simama bila kushika kitu."

Nilijaribu. Nilifanana na kobe aliyepinduliwa. Alinitazama mpaka nilipochoka mwenyewe, kisha akanipa mkono.

"Harusi ni lini?"

Nilimwambia. Akahesabu kwa vidole, kisha akahesabu tena.

"Msuli ingerudi haraka kama ningekubebesha uzito kubwa," akasema. "Lakini hiyo goti bado haiwezi. Nikikupatia uzito kidogo, goti itafurahi, lakini msuli haitashtuka. Kwa hivyo tutadanganya mguu kidogo."

Akaleta mkanda mpana, ndugu ya ule wa kupimia presha ya damu, akanifunga juu kabisa ya paja. Akapaka kifundoni mafuta ya baridi na kuweka kidude cha kusikiliza mapigo ya damu, akaujaza mkanda upepo taratibu mpaka sauti ilipopotea, kisha akapunguza mpaka ikarudi. Alinieleza kwamba hataki kuziba damu yote. Damu iendelee kuingia kidogo, na ile ya kutoka ikwame kwa muda. Kila mtu ana kiwango chake, na mguu huu na ule inaweza kutofautiana. Halafu akanifunga kifundoni kauzito ambako mke wangu hukabeba kwenye mkoba wake bila kujua, akaniambia niketi kwenye benchi na niunyooshe mguu, niukunje, niunyooshe tena.

Nilitaka kucheka. Raundi ya kwanza ilikuwa ndefu, na mwanzoni mwake bado nilikuwa na cheko. Kabla haijaisha paja lilikuwa linawaka kama limepakwa pilipili. Alinipumzisha kidogo tu, na mkanda ukiwa papo hapo, akaniambia tuendelee. Raundi fupi zilizofuata zilikuwa mbaya kuliko ile ndefu. Nilimwita Mungu kwa Kipunjabi, kisha nikamwita kwa Kiswahili ili daktari naye aelewe hali ilivyo.

"Hiyo moto ndiyo tunatafuta," akasema, akinitazama usoni kuliko mguuni. "Ukiskia ganzi ama sindano sindano, sema. Moto ni sawa. Ganzi, hapana."

Alipofungua mkanda damu ilirudi kwa kishindo, na paja likavimba kidogo, jekundu, lenye joto. Kwa dakika chache nilikuwa na paja. Nililitazama kwa mapenzi. Nikamuuliza inakuwaje kauzito kama kale kafanye kazi ya mzigo mzito, naye akaanza kunieleza. Akasema oksijeni ikipungua msuli hujaa tindikali, na mwili ukihisi hivyo humwaga homoni ya ukuaji kwa wingi. Alikuwa anaendelea, lakini binti yangu alikuwa amepiga simu kutoka chini kwamba askari wa maegesho anamfukuza. Nikashukuru, nikachukua gongo langu na kuondoka na nusu ya maelezo.

Nusu hiyo niliipeleka dukani. Kaka yangu, ambaye nyumbani tunamwita Paaji kwa heshima ya ukubwa wake, alikuwa nyuma ya kaunta akila karanga. Nilipotaja homoni aliacha kutafuna.

"Homoni gani?" akauliza.

"Ya ukuaji."

"Na zile nyingine? Za kiume?"

Nikasema, kwa uhakika wa mtu asiyejua, kwamba bila shaka zote huenda pamoja. Paaji ni mjane, na miaka ya karibuni ameanza kupaka ndevu zake rangi na kwenda kutembea asubuhi katika bustani ambako wajane wa kike wa jamii yetu nao hutembea. Sikumuuliza zaidi. Alitafuna karanga moja polepole akiwaza.

Wiki zikapita. Nilikwenda Upper Hill kila nilipoambiwa, na paja likaanza kujibu, lakini kwa mwendo wake. Nami nilitaka mwendo wangu. Kila nilipomwomba daktari aniongezee siku, alinijibu kwamba msuli hujengwa wakati wa kupumzika. Maneno hayo kwa mfanyabiashara ni matusi. Hatukufundishwa na baba kwamba duka huingiza pesa likiwa limefungwa.

Ni Paaji aliyeleta ufumbuzi. Saa za mchana, biashara ikiwa imelala, alinivuta hadi stoo, akafunga mlango na kufungua mtoto wa meza. Ndani yake huweka vitambaa vya kilemba vya akiba, kwa ajili ya siku za mvua.

"Mdogo wangu," akasema, "huyo msichana anakulipisha mkanda. Sisi tumefunga kitambaa kila asubuhi tangu tuote akili. Ni nani Nairobi hii atakayetufundisha kufunga?"

Hoja hiyo niliiona haina tundu. Kalasinga hujua kitambaa mikononi mwake kama mama anavyojua unga. Anajua kikivutwa hivi kitashika, kikipindishwa vile hakitalegea hata upepo uje. Tulisokota kitambaa cha kwanza mpaka kikawa kamba nene, nikavua suruali, tukakifunga pajani mwangu, Paaji akivuta upande mmoja na mimi upande mwingine, na fundo tulilopiga lilikuwa la kujivunia. Kisha yeye akavua shati, akabaki na fulana, nami nikamfunga mikono yote miwili juu karibu na mabega. Yeye hakuwa na ugonjwa wowote wa mikono. Alikuwa anafuata homoni.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi mkuu nilimsikia, tena kwa masikio yote mawili, na guu lilikaribia kuvunjika kwa sababu hiyo hiyo.

Nilichuchumaa na kuinuka nikishikilia rafu. Paaji aliinua diski za breki, moja kila mkono, akihesabu kwa sauti. Moto ulikuja upesi kuliko Upper Hill, nikafurahi. Halafu moto ukaondoka na nikafurahi zaidi, nikadhani nimeshakuwa hodari. Nilipotazama chini nikaona mguu umekuwa rangi ya biringani. Nikagusa goti. Nikahisi nimegusa goti la mtu mwingine.

"Paaji, fungua," nikamwambia.

Alikuja mbio, akaweka vidole kwenye fundo, na vidole havikufanya lolote. Mikono yake ilikuwa imekufa ganzi mpaka kwenye kucha. Diski moja ya breki ilikuwa imemponyoka muda uleule na kuangukia sanduku la plagi kwa kishindo kilichosikika mtaa mzima. Nami nilipojaribu kujifungua, jasho lilikuwa limeloanisha kitambaa, na kitambaa cha kilemba kikiloa fundo lake hukazika kama lililopigwa na adui.

Mlango ulifunguliwa. Alikuwa mtunza stoo wetu, mtu wa Machakos ambaye amefanya kazi nasi miaka mingi na aliyewahi kuporwa mara mbili katika mtaa ule, na mara zote mbili wezi walimfunga kamba. Alichungulia. Aliona mabosi wake wawili ndani ya stoo yenye taa hafifu, mmoja hana shati, mwingine hana suruali, wamefungwa kwa kamba za kitambaa, macho yamewatoka. Alirudisha mlango taratibu, na baada ya muda mfupi tukasikia geti la chuma la duka likishushwa na sauti yake nje.

"Wezi wako ndani. Wamefunga wadosi."

Hapo ndipo mimi na Paaji tulipofanya ujinga wetu wa pili. Tulisikia neno wezi, tukasikia geti likishuka, tukasikia watu wakikimbia, nasi tukaamini kuwa duka limevamiwa. Paaji akazima taa kwa kiwiko. Tukajificha nyuma ya masanduku ya mafuta ya injini, tumeshikana, kimya kabisa, tukisali wezi wachukue walichotaka na kwenda zao. Kimya chetu kiliwathibitishia watu wa nje kwamba hali ndani ni mbaya. Mtaa mzima wa spea ulikuja, na silaha katika mtaa ule hazitafutwi mbali: wili spana, springi za lori, nyundo. Walipoinua geti, wakausukuma mlango wa stoo kwa teke na kumulika kwa simu zao, waliwakuta Makalasinga wawili wazima, vilemba vikiwa safi vichwani, wamekumbatiana nyuma ya mafuta.

"Wameenda wapi?" mmoja akauliza.

"Nani?" nikamuuliza.

Mtunza stoo ndiye aliyekata vile vitambaa, kwa mkasi wa kukatia gasketi. Maelezo tuliyoyatoa hayakumridhisha mtu yeyote. Mpaka leo nikipita mtaani vijana wa maduka ya jirani huniuliza kama leo sijafungwa, nami huwajibu kwamba kamba zimeisha.

Lakini jioni ile sikucheka. Mguu ulikuwa na ganzi ambayo haikuondoka, na kwenye paja palikuwa na mstari mweusi. Binti yangu alinipeleka Upper Hill bila kunisemesha, na kwa mtoto wangu ukimya ni kelele. Nilipigwa picha ya mishipa kuangalia kama damu imeganda ndani. Nililala pale kitandani nikitazama dari, na kwa mara ya kwanza niliogopa kweli. Niliiona harusi, na mimi hospitalini, na kaka yangu akitoa ile skafu kwa niaba yangu. Niliona wivu juu ya jambo ambalo halikuwa limetokea.

Damu haikuwa imeganda. Mshipa wa fahamu ulikuwa umebanwa, na ungejirudi wenyewe. Yule fizio alikuja akasimama kando ya kitanda akiwa amekunja mikono, Paaji naye amesimama upande wa pili akijipapasa mabega.

"Ile mkanda yangu ni pana kwa sababu," akasema. "Inasambaza presha. Kitambaa ukiisokota inakuwa waya. Inakata mshipa ya fahamu. Na nyinyi mlifunga damu yote, ya kuingia na ya kutoka. Mnajua hiyo inaitwaje? Inaitwa kujiumiza."

"Tulitaka homoni," Paaji akasema kwa unyenyekevu.

Fizio akamtazama. Nadhani nusura acheke. Akavuta kiti, na safari hii nilisikiliza mpaka mwisho. Alisema homoni ya ukuaji hupanda, ni kweli, lakini baada ya zoezi hushuka, "hata kabla hujafika Dagoretti Corner." Ile ya kiume karibu haisogei. Wataalamu walidhani zamani kwamba homoni zile ndizo zinajenga, na siku hizi wengi wanaona kazi yenyewe inafanyika palepale ndani ya msuli. Nyuzi ndogo huchoka mapema kwa kukosa oksijeni, basi mwili hulazimika kuziamsha nyuzi kubwa, zile ambazo kwa kawaida huamshwa na mzigo mzito peke yake. Msuli ukivimba na kuchoka hivyo hupokea amri ya kujijenga. Mambo mengine, akasema, bado wanabishana.

"Kwa hivyo mikono yangu?" Paaji akauliza.

"Mikono yako iko sawa, Mzee. Hiyo ingine, tembea tu asubuhi."

Kaka yangu akageuka rangi. Ndipo binti yangu alipocheka, akacheka mpaka akashika ukuta, nami nikajua nimesamehewa. Adhabu yangu ilikuwa kukaa bila mkanda mpaka ganzi iishe yote. Siku zile za kukaa ziliniuma kuliko moto wowote. Kila asubuhi nilijipima paja kwa futi ya mke wangu ya kushonea, kila asubuhi likiwa lilelile, na mke wangu akipita huku akisema kwamba hata maharagwe hayachipui yakitazamwa.

Tuliporudi kazini nilikuwa mwanafunzi mwema. Nilifanya nilichoambiwa, nikapumzika nilipoambiwa, nikala mayai na dengu mpaka nikachukia kuku na shamba lake. Mabadiliko hayakuja kwa tarumbeta. Siku moja stima zilipotea Kileleshwa, lifti ikalala, nami nikapanda ngazi hadi kwetu nikibishana na mtu kwenye simu kuhusu bei ya klachi. Nilifika mlangoni ndipo nikagundua kwamba sikushika ukuta. Siku nyingine nilikuwa Dagoretti Corner kwa fundi wangu wa magari, nikachuchumaa kuangalia mafuta yanakovuja, nikainuka. Nilishika bampa wakati wa kuinuka, nakiri. Lakini nililishika kwa vidole tu, na nikasimama pale nikitabasamu peke yangu mpaka fundi akadhani nimepata punguzo.

Siku ya mwisho kliniki, daktari aliniketisha tena kwenye mkeka. Nikakunja mguu wa kulia, nikaweka wa kushoto mbele, nikasukuma. Nilitetemeka, nikayumba, nikafika juu. Hakupiga makofi wala nini. Aliandika kitu kwenye kompyuta yake, akasema, "Sasa ufanye hivyo na watu wakikuangalia." Nilimkaribisha harusini. Akasema atakuja kula.

Mchana, siku moja kabla ya harusi, nyumba ilijaa shangazi wakiimba na kupiga ngoma. Nilimkuta binti yangu chumbani kwake, mikono ameinyoosha mbele, hina haijakauka, hawezi kushika chochote. Nikamnywesha chai kwa kikombe changu. Mume aliyempata ni kijana mzuri wa Kisumu, familia ya watu wa mbao, na benki ya binti yangu ilikuwa imekubali kumhamishia huko.

"Papa," akasema, "nimeongea na watu wa gurdwara. Kuna kiti kiko karibu, nyuma ya nguzo. Ukichoka tu."

"Sitachoka."

"Najua. Mimi sijali unaketi wapi. Bora uwe karibu."

Nilimwambia nitakuwa karibu. Nilitaka kumwambia na mengine, lakini shangazi mmoja aliingia kuangalia hina, nikatoka na kikombe.

Kesho yake ukumbi ulijaa, wanaume upande mmoja na wanawake upande mwingine, viatu nje vimerundikana kama sokoni. Suti ilinikaa vyema, miguu yote miwili. Niliketi chini nyuma kidogo ya mtoto wangu bila kuporomoka. Paaji aliketi kando yangu, ndevu zimepakwa rangi mpya, na nikaona mara moja kwamba ameketi tayari, mkono mmoja uko wazi upande wangu, wa kunidaka. Ule mkono uliniudhi, na uliniliza kidogo pia.

Waimbaji walinyamaza. Mzee wa ibada akanitazama, akaniashiria kwa kichwa. Nikakunja wa kulia, nikaweka wa kushoto mbele, nikasukuma, na paja likanipandisha. Halikutetemeka. Nilikuwa nimesimama kabla Paaji hajafunga vidole vyake. Mahali fulani nyuma nilisikia mtu akikohoa kwa njia ambayo nilijua ni mke wangu anazuia kilio, na nilijaa fahari, nakiri, fahari tele, mbele ya ndugu zake wote.

Nilipiga hatua mpaka mbele. Nikashika ncha ya skafu begani mwa yule kijana, nikainama, nikaiweka katika kiganja cha mtoto wangu chenye hina, na vidole vyake vikafumba. Vyangu havikufumbuka. Nilijua kinachotakiwa. Nilisimama pale nimeinama, mguu imara kabisa, tumeshika kitambaa kimoja mimi na yeye, na waimbaji wakingoja. Miezi yote ile niliwaza mguu. Sikuwa nimewaza kwamba nikishainuka itabidi nimtoe.

"Papa," akasema chini chini, bila kuinua uso.

Nikaachia.

Nilirudi mahali pangu, nikaketi chini taratibu kama nilivyofundishwa, na wimbo ukaanza, naye akainuka kumfuata mumewe mzunguko wa kwanza. Machozi yalikuwa yameshaingia kwenye ndevu. Paaji akaniinamia sikioni, akaniuliza kama ni goti.

"Goti ni zima, Paaji," nikamwambia. "Ni mtoto wangu anakwenda."